UZI: Kujoini (kuunganisha) majedwali mawili pale moja lina muda wa tukio na lingine lina kipindi (kuanzia mpaka lini)

#1 mlinganishi

Wakuu habari zenu.

Naleta uzi huu maana swali lake linajirudia kila wanapokutana watu wa data. Mtu ana majedwali mawili, la kwanza lina matukio na kila tukio lina muda wake, la pili lina vipindi na kila kipindi kina mwanzo na mwisho, anataka kila tukio lipate kipindi chake. Ukiitazama unaona kazi ndogo tu, unaandika kweri (ombi kwa databesi), majibu yanatoka, hakuna kosa lolote kwenye skrini, na ubaya wake uko hapohapo, kwa sababu joini ya aina hii ikikosewa haipigi kelele, inakupa namba inayofanana kabisa na namba ya kweli na ripoti inaenda.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge: shida nyingi hapa hazipo kwenye joini, zipo kwenye jedwali la vipindi. Ukilisafisha hilo kabla, joini yenyewe ni mistari mitatu.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie uzi mzima. Kuna vifaa vya kupima joto, kila kifaa kinahamishwa chumba mara kwa mara. Jedwali la `vipimo`:

```
kifaa | wakati              | nyuzi
K1    | 2024-03-31 23:40:00 | 21.4
K1    | 2024-04-01 00:00:00 | 21.1
K1    | 2024-04-01 09:15:00 | 4.2
```

Na jedwali la `vipindi`, linalosema kifaa kilikuwa wapi:

```
kifaa | chumba  | kuanzia    | mpaka
K1    | Maabara | 2024-03-01 | 2024-04-01
K1    | Stoo    | 2024-04-01 | (tupu)
```

Ile tupu maana yake kifaa bado kiko Stoo. Kweri ni hii (`LEFT JOIN` inabakiza kila kipimo, hata kisichopata kipindi):

```
SELECT v.kifaa, v.wakati, v.nyuzi, k.chumba
FROM vipimo v
LEFT JOIN vipindi k
  ON v.kifaa = k.kifaa
 AND v.wakati >= k.kuanzia
 AND (v.wakati < k.mpaka OR k.mpaka IS NULL);
```

Angalieni alama. Mwanzo nimeweka `>=` na mwisho nimeweka `<`, yaani mwanzo umo, mwisho haumo. Kipindi kimoja kinapoishia ndipo kingine kinapoanzia, saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili ni ya Stoo peke yake, haigombaniwi.

Sasa wengi hapo wanatumia `BETWEEN`, na `BETWEEN` inachukua ncha zote mbili. Ukiwa na mpaka wa `2024-04-01`, kipimo cha pili pale juu kitatoka mara mbili, kimoja Maabara na kingine Stoo. Ukisema basi nirudishe mpaka uwe `2024-03-31`, databesi inaisoma tarehe hiyo kama saa 00:00:00 ya siku hiyo, kwa hiyo kipimo cha 23:40 kinabaki bila chumba, na siyo hicho tu, siku nzima ya mwisho inapotea isipokuwa saa 00:00:00 yake kamili. Siku moja kila mwisho wa kipindi. Fikirieni mtu mwenye vipindi vya mwezi mwezi akijumlisha mwaka mzima, anakosa siku kumi na mbili na wala hajui.

Karibuni.

#2 safu_wima

Asante mkuu kwa uzi. Mimi sijawahi kutumia `<`, naandika mwisho wa kipindi `2024-03-31 23:59:59` alafu naendelea na `BETWEEN` yangu, mbona inafanya kazi vizuri tu?

#3 mlinganishi

Inafanya kazi mpaka ikutane na saa iliyoandikwa kwa vipande vya sekunde. Kipimo cha 23:59:59.4 hakimo kwenye kipindi kinachoisha 23:59:59, na hakimo kwenye kinachoanza 00:00:00. Kimeangukia ufa.

Utasema basi niandike 23:59:59.999. Ukiwa PostgreSQL (mfumo mmojawapo wa databesi) muda unahifadhiwa mpaka sehemu ya milioni ya sekunde, ufa umepungua lakini upo. Ukiwa SQL Server na kolamu ni ya aina ya `datetime` ya zamani ni balaa zaidi, aina hiyo inahesabu kwa hatua za kama milisekunde 3.33, kwa hiyo 23:59:59.999 inasogezwa juu na kuwa saa 00:00:00.000 ya siku inayofuata. Yaani mwisho wako umehamia kesho, na `BETWEEN` inachukua ncha zote, umerudi kwenye kuhesabu mara mbili. Ndiyo maana watu wanaokomaa na njia hiyo kwenye mfumo huo huandika .997, na siku kolamu ikibadilishwa kuwa `datetime2` ile .997 inageuka ufa tena.

Ukitumia `<` na mwanzo wa kipindi kinachofuata, hujali kabisa saa imehifadhiwa kwa usahihi gani. Na urefu wa kipindi unaupata kwa kutoa tu, mpaka kasoro kuanzia, hakuna kuongeza moja. Hata Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alishaitetea namna hii ya kuandika mwanzo umo mwisho haumo mwaka 1982, yeye akizungumzia namba za kawaida, na hoja zake zinakaa vilevile kwenye muda.

#4 kweri_ndefu

Wakuu mimi nina tatizo tofauti. Jedwali la matukio lina rekodi laki nne na ushee, nikishajoini na vipindi napata zaidi ya laki nne na nusu. Nimetumia `>=` na `<` hivyohivyo kama ulivyosema. Nikiweka `DISTINCT` (ya kuondoa rekodi zinazojirudia) hazipungui zote. Hizo zingine zinatoka wapi??

#5 mlinganishi

Mkuu toa hiyo `DISTINCT` kwanza, hapo inafunika kidonda. Rekodi zikiongezeka baada ya `LEFT JOIN` ya namna hii sababu ni moja tu, kuna matukio yaliyopata vipindi viwili au zaidi, maana yake vipindi vyako vinagongana. `DISTINCT` haiondoi zote kwa sababu rekodi mbili zina chumba tofauti, kwa databesi hizo ni rekodi mbili halali. Na mbaya zaidi, zile inazoziondoa huenda nyingine zilikuwa matukio mawili ya kweli yaliyofanana.

Kagua vipindi vyenyewe, bila kugusa matukio:

```
SELECT *
FROM (
  SELECT kifaa, chumba, kuanzia, mpaka,
         LEAD(kuanzia) OVER (PARTITION BY kifaa
                             ORDER BY kuanzia) AS kinachofuata
  FROM vipindi
) t
WHERE mpaka > kinachofuata
   OR (mpaka IS NULL AND kinachofuata IS NOT NULL);
```

Kweri hiyo inapanga vipindi vya kila kifaa kwa mwanzo wake, inauliza kila kimoja kama kinaisha baada ya jirani yake kuanza. Mstari wa mwisho unakamata kitu kinachotokea sana, kipindi kilichoachwa wazi wakati kingine kimeshafunguliwa, mtu kahamisha kifaa akaandika mwanzo mpya na hakufunga ule wa zamani. Kuangalia jirani tu kunatosha kujua kama kuna mgongano, kwa sababu kipindi kikifikia cha tatu basi lazima kimeshaingia cha pili. Ila ukitaka orodha ya kila jozi inayogongana, joini jedwali na lenyewe kwa kifaa kilekile, rekodi isijijoini yenyewe, kwa sharti hili:

```
a.kuanzia < b.mpaka AND b.kuanzia < a.mpaka
```

Hilo sharti lishike. Allen, mtafiti wa kompyuta, mwaka 1983 aliorodhesha namna kumi na tatu ambazo vipindi viwili vinaweza kuhusiana, hiki kiko kabla ya kile, hiki kiko ndani ya kile, vimeanza pamoja na kadhalika, na nimeshaona kweri yenye `OR` nne tano inayojaribu kuzitaja moja moja. Ukitaka tu kujua kama vinagongana muda wowote, sharti hilo la vipande viwili linazimaliza zote. Kama kuna mpaka ulio tupu, uweke tarehe ya mbali kwanza kwa `COALESCE` (inaweka thamani mbadala pale palipo tupu).

#6 kweri_ndefu

Nimeikimbiza. Zimetoka nyingi mno, karibu zote ni zile za mpaka tupu. Sasa nazirekebisha vipi, naruhusiwa kuzifunga mwenyewe?

#7 mlinganishi

Hilo swali haliwezi kujibiwa na kweri, linajibiwa na mwenye data. Kama kanuni ya kazi yenu ni kwamba kifaa hakiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, basi kipindi kipya kikianza cha zamani kimekufa, na unaweza kufunga kwa `LEAD` ileile:

```
COALESCE(mpaka, LEAD(kuanzia) OVER (PARTITION BY kifaa
                                    ORDER BY kuanzia)) AS mpaka_safi
```

Lakini kama ni vitu vinavyoruhusiwa kugongana, mfano mtu mmoja kuwa kwenye miradi miwili mwezi mmoja, basi rekodi kuongezeka ni sahihi na wewe ndiye unatakiwa uamue unajumlishaje ili saa zake zisihesabiwe mara mbili. Muulize mwenye data kabla ya kufunga chochote, na uandike mahali kwamba umefunga vingapi na kwa kanuni ipi.

#8 indeksi_moja

Naongezea hapo kwa wale wa PostgreSQL. Badala ya kukagua kila siku, ikatazeni databesi isipokee mgongano kabisa:

```
CREATE EXTENSION btree_gist;

ALTER TABLE vipindi ADD CONSTRAINT visigongane
EXCLUDE USING gist (
  kifaa WITH =,
  tsrange(kuanzia, mpaka) WITH &&
);
```

Aina za vipindi kama `tsrange` na `daterange` zipo tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, siyo kitu kipya. Zenyewe kwa kawaida zinahesabu mwanzo umo mwisho haumo, na mpaka ukiwa tupu zinaelewa kwamba kipindi hakina mwisho. Joini nayo inakuwa fupi, `tsrange(k.kuanzia, k.mpaka) @> v.wakati`. Toleo la 18 limeongeza `WITHOUT OVERLAPS` kwenye ufunguo mkuu wenyewe, kolamu ikiwa ya aina ya kipindi.

#9 mlinganishi

Hii ndiyo tiba yenyewe. Data ikiingia chafu, kila mtu atakayekuja kujoini baadaye atasafisha kivyake na kila mmoja atapata namba yake. Anayeweza kufunga mlango kwenye databesi aufunge.

#10 chatu_mtulivu

Na sisi wa Python je? Natumia pandas (maktaba ya Python ya majedwali), nimezoea `merge` ya kawaida ambayo inataka vitu vilingane sawasawa. Nimejaribu kujoini kwa kifaa tu alafu nachuja baadaye, kumbukumbu ya mashine inajaa programu inakufa.

#11 mlinganishi

Inakufa kwa sababu kila kipimo kinazalishwa mara idadi ya vipindi vya kifaa chake kabla hujachuja. Kifaa chenye vipimo laki moja na vipindi mia mbili kinakuletea rekodi milioni ishirini peke yake.

Tumia `merge_asof`, ipo tangu pandas 0.19 ya mwaka 2016. Inachofanya ni kuchukua kila kipimo na kutafuta mwanzo wa karibu zaidi ulio nyuma yake au sawa nacho:

```
vipimo  = vipimo.sort_values("wakati")
vipindi = vipindi.sort_values("kuanzia")

m = pd.merge_asof(vipimo, vipindi,
                  left_on="wakati", right_on="kuanzia",
                  by="kifaa")

nje = m["mpaka"].notna() & (m["wakati"] >= m["mpaka"])
m.loc[nje, "chumba"] = None
```

Mistari miwili ya mwisho ndiyo watu wanaisahau. `merge_asof` haijui kitu kinachoitwa mpaka, inajua mwanzo tu. Kifaa kikitolewa Maabara tarehe 1 na kikakaa bila kufungwa popote hadi tarehe 10, kipimo cha tarehe 5 kitapewa Maabara kwa sababu huo ndio mwanzo wa karibu ulio nyuma. Lazima uende ukague mpaka mwenyewe, kinachozidi ukiondolee chumba.

Kupanga nako kuna jambo. Panga kwa muda peke yake, siyo kwa kifaa kisha muda, ukipanga kwa kifaa kwanza itakataa ikisema funguo hazijapangwa, na watu wanahangaika hapo kweli maana wakiangalia wanaona zimepangwa. Kutenganisha vifaa ni kazi ya `by`. Pia kolamu mbili za muda ziwe aina moja, moja ikiwa na kanda ya saa na nyingine haina, inagoma. Hapo ikigoma shukuru.

#12 chatu_mtulivu

Duh, hiyo ya kupanga ndiyo ilikuwa inanila kichwa. Imekubali sasa hivi na kwa haraka mno. Na kama vipindi vyangu vinagongana kihalali kama ulivyosema kule juu?

#13 mlinganishi

Basi `merge_asof` haikufai, kwa sababu inarudisha kipindi kimoja tu kwa kila tukio, vingine inavimeza kimya. Hapo rudi kwenye joini ya masharti. Kwa Python njia nyepesi ni DuckDB, databesi inayokimbia ndani ya programu yako, inasoma dataframe (majedwali) za pandas moja kwa moja, unaandika SQL ileile ya mwanzo wa uzi na huhitaji seva. Na wenyewe wana `ASOF JOIN` pia kwa wale ambao vipindi vyao ni safi:

```
FROM vipimo v
ASOF LEFT JOIN vipindi k
  ON v.kifaa = k.kifaa AND v.wakati >= k.kuanzia
```

Ila angalizo ni lilelile, mpaka unaukagua mwenyewe.

#14 lahajedwali

Naombeni msitutupe sisi wa Excel. Sina databesi wala Python, nina shiti mbili tu.

#15 mlinganishi

Hatuwatupi mkuu. Shiti ya `Vipindi` iwe na kifaa kolamu A, kuanzia B, mpaka C, chumba D. Kwenye shiti ya vipimo muda uko A2 na kifaa kiko B2. Kwa Excel 2021 au Microsoft 365:

```
=FILTER(Vipindi!D$2:D$500,
  (Vipindi!A$2:A$500=B2)*
  (Vipindi!B$2:B$500<=A2)*
  (Vipindi!C$2:C$500>A2),
  "hakuna")
```

Naipenda hii kuliko `XLOOKUP` au `VLOOKUP` ya makadirio kwa sababu haifichi. Tukio likipata vipindi viwili, jibu linamwagika kwenye seli ya chini au linakuja `#SPILL!`, unajua hapohapo kwamba kuna mgongano. `VLOOKUP` ingechagua kimoja ikanyamaza. Ila mpaka ulio tupu Excel inausoma kama sifuri, kwa hiyo ujaze tarehe ya mbali sana, mfano 9999-12-31.

Kingine, kwa Excel tarehe ni namba, siku ni namba kamili na saa ni sehemu yake, saa sita mchana ni 0.5. Kama data umeipokea kutoka mfumo mwingine jaribu `=ISNUMBER(A2)`. Ikisema FALSE hiyo siyo tarehe, ni maandishi yanayofanana na tarehe, na ulinganisho wote utakuwa wa uongo. Seli ikijipanga kushoto yenyewe mara nyingi ni hilo.

#16 nukta7

Mimi suala langu ni spidi. Matukio milioni moja, vipindi elfu kumi, PostgreSQL, kweri ninaiacha usiku asubuhi bado inazunguka. Vipindi havigongani nimekagua, na havina kifaa, ni vipindi vya jumla tu. Nimeweka indeksi (kama faharasa ya kutafutia haraka) kwenye `wakati`.

#17 indeksi_moja

Weka kweri yako hapa mkuu tuione.

#18 nukta7

```
ON DATE(v.wakati) BETWEEN k.kuanzia AND k.mpaka
```

Vipindi ni vya tarehe tupu, ndiyo maana nikatumia `DATE`.

#19 indeksi_moja

Mambo mawili. La kwanza umefunga kolamu ndani ya `DATE()`, kwa hiyo indeksi ya `wakati` haitumiki, databesi inalazimika kukokotoa `DATE` ya kila rekodi. Acha kolamu ikae wazi, badilisha upande wa pili, `v.wakati >= k.kuanzia AND v.wakati < k.mpaka + INTERVAL '1 day'`. Kwa maana ni ileile.

La pili ndilo kubwa. Masharti ya `>=` na `<` bila usawa wowote yanaifanya databesi ilinganishe kila tukio na kila kipindi. Milioni moja mara elfu kumi ni ulinganisho bilioni kumi. Kwa kuwa havigongani, iambie ichukue kimoja tu:

```
SELECT v.*, k.jina
FROM matukio v
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT jina, mpaka
  FROM vipindi
  WHERE kuanzia <= v.wakati
  ORDER BY kuanzia DESC
  LIMIT 1
) k ON v.wakati < k.mpaka + INTERVAL '1 day';
```

Indeksi iwe kwenye `vipindi(kuanzia)`, siyo kwenye matukio. Kila tukio linaruka moja kwa moja mpaka kwenye kipindi chake, linaangalia kama halijapita mwisho, basi.

#20 mlinganishi

Nakazia hapo. Kwa wenye kifaa kama mfano wetu, indeksi iwe `(kifaa, kuanzia)` kwa mpangilio huo.

Na kwa wale walio kwenye mifumo ambayo haina `LATERAL` au data ni kubwa mno imetawanywa kwenye mashine nyingi, mfano Spark, kuna njia ya kugeuza joini ya vipindi iwe ya usawa. Unachukua kila kipindi unakikata kiwe rekodi moja kwa kila siku kinayoigusa, matukio nayo unayapa kolamu ya siku, unajoini kwa siku sawa na siku, alafu ndani ya siku unachuja kwa `>=` na `<` kamili. Tukio lina siku moja tu kwa hiyo halizaliwi mara mbili. Ukubwa wa kipande uchague kulingana na vipindi vyako, vipindi vya dakika tano ukivikata kwa siku hujapunguza vya kutosha, na vipindi vya miaka ukivikata kwa saa jedwali linavimba.

#21 nukta7

Wakuu imemaliza kabla sijainuka kwenye kiti. Ila matukio kama elfu moja hivi yametoka hayana kipindi na nina uhakika vipindi havina mapengo. Mengi ni ya karibu na usiku wa manane mwanzoni kabisa mwa kipindi cha kwanza.

#22 mlinganishi

Yakiwa usiku wa manane na kwenye ukingo, tazama kanda ya saa kabla ya kitu kingine. Mfumo unaorekodi matukio pengine unaandika UTC (saa ya pamoja ya dunia), na aliyeandaa vipindi aliandika kwa saa za ukutani kwake. Tofauti ya saa chache haionekani katikati ya kipindi, inaonekana kingoni tu, na kwa vipindi vilivyofuatana haikupi tupu, inakupa kipindi cha jirani, kwa hiyo hao elfu moja ni wale waliotumbukia nje ya kipindi cha kwanza kabisa. Wapo wengine wengi ambao wamepata kipindi kisicho chao na hawajionyeshi.

Hamishia vyote kwenye UTC kabla ya kujoini. Kwenye PostgreSQL kolamu ya `timestamp` isiyo na kanda unaiambia ni ya wapi kwa `AT TIME ZONE` na jina kamili la kanda, siyo kwa kujumlisha masaa kwa mkono. Kuna nchi zinazosogeza saa mbele na kurudisha nyuma kila mwaka, saa ikirudishwa nyuma lisaa zima linajirudia, mfano saa 01:30 ya usiku huo inaweza kuwapo mara mbili, na ukiwa na saa za ukutani tu huwezi kujua ni ipi. UTC haina habari hiyo.

#23 nukta7

Ni kweli, nimeuliza wanaorekodi wanasema ni UTC. Nimebadilisha, zimebaki tupu tatu tu na hizo ni za kabla ya kipindi cha kwanza kuanza kweli.

#24 mtoa_ripoti

Samahani naingia kati, mimi kwangu tupu hazitoki kabisa hata zile ninazojua hazina kipindi. Natumia `LEFT JOIN`, chini kuna `WHERE k.chumba <> 'Stoo'`.

#25 mlinganishi

Hiyo `WHERE` ndiyo inayozila. Tukio lisilo na kipindi lina chumba tupu, na tupu ukiilinganisha na chochote jibu siyo kweli wala siyo uongo, ni haijulikani, na `WHERE` inapitisha kweli peke yake. `LEFT JOIN` yako imegeuka joini ya kawaida. Sharti linalohusu jedwali la vipindi lipeleke juu kwenye `ON`, kama nia ni kwamba kipimo kibaki hata kama kipindi cha Stoo kimeachwa. Kama nia ni kuondoa vipimo vya Stoo lakini visivyo na chumba vibaki, andika `WHERE k.chumba <> 'Stoo' OR k.chumba IS NULL`. Ni maswali mawili tofauti, amua lipi lako.

#26 R_kidogo

Kwa wa R (dplyr na data.table ni maktaba zake za majedwali) kuanzia dplyr 1.1.0 ya mwaka 2023 unaandika

```
left_join(vipimo, vipindi,
  join_by(kifaa, between(wakati, kuanzia, mpaka, bounds = "[)")))
```

Hiyo `bounds` msiiache, bila kuitaja inachukua ncha zote mbili kama `BETWEEN` ya SQL. Na mpaka tupu ujazeni tarehe ya mbali kwanza. Wa data.table wana joini za `>=` na `<` tangu 1.9.8, ila kolamu mnazolinganisha zikitoka zina jina la jedwali moja na thamani za jedwali lingine, ukiona `kuanzia` imejaa muda wa vipimo usishtuke, tengeneza nakala ya kolamu hizo kabla ya kujoini.

#27 mlinganishi

Shukrani mkuu, hiyo ya data.table inachanganya watu sana, vizuri umeiweka.

#28 safu_wima

Mkuu swali la mwisho kutoka kwangu. Nikishamaliza joini nahakikishaje kwamba iko sawa bila kupitia rekodi moja moja?

#29 mlinganishi

Hesabu rekodi kabla na baada. Kwa vipindi visivyogongana na `LEFT JOIN` idadi lazima iwe ileile kabisa, hata moja ikizidi simama. Kisha hesabu zilizotoka bila chumba, na kila moja uweze kusema kwa nini, ama kuna pengo kwenye vipindi (kweri ile ya `LEAD` ukibadilisha iwe `mpaka < kinachofuata` inakuonyesha mapengo), ama ni kabla ya kipindi cha kwanza au baada ya cha mwisho kufungwa. Jumla ya nyuzi au kiasi chochote unachojumlisha ichukue kwenye jedwali la matukio peke yake, uilinganishe na jumla baada ya joini.

Alafu tengeneza rekodi tano sita za mkono na uziweke kingoni makusudi: tukio lililo sawasawa na mwanzo, lililo sawasawa na mwisho, sehemu ya sekunde kabla ya mwisho, lililo ndani ya pengo, lililo kwenye kipindi kisicho na mwisho. Andika majibu unayoyategemea kabla hujakimbiza kweri. Hizo zikitoka zote kama ulivyoandika, huko katikati ya vipindi hakuna cha kuogopa.

#30 safu_wima

Nimezijaribu hizo za kingoni kwenye kweri yangu ya zamani ya 23:59:59. Ya sehemu ya sekunde kabla ya mwisho imetoka tupu. Nabadilisha zote leo.